Wale Askari wa Houston

Keza wangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuwaaga watu wa kwaya, na mimi nimebaki kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Kichwa hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe kimya nipate kuandika, na sasa imekuwa kimya kweli, nasikia friji peke yake, na nimetambua kwamba ukimya huu ndio nitakaokaa nao kila Jumapili. Niliwasha redio, nikaizima. Viatu vyako vya kanisani umeviacha pale mlangoni, kimoja kimelala ubavu, kama unavyoviacha tangu utotoni. Kila siku huwa navipanga huku nanung'unika. Leo nimeviacha hivyohivyo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kirundi ndicho ninachokuombea kwa Mungu, Kiingereza ndicho unachonijibia, na Kiswahili ndiyo lugha yetu ya ugomvi. Tumegombana vya kutosha hata tukakijua vizuri. Wewe kukisoma ulijifunzia kwenye vitabu vya nyimbo vya kwaya, kwa hiyo najua barua hii utaisoma polepole, na mimi nataka uisome polepole.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Unakokwenda watakupigia kelele kuhusu hayo yote tangu alfajiri. Kutandika kitanda nimekufundisha miaka mingi nikashindwa, sasa acha jeshi la Marekani lijaribu.

Nina jambo moja tu, nalo unalijua. Siku ile mezani, mbele ya baba yako, nilisema kwamba gari la jeshi likija kukuchukua mimi sitatoka nje. Uliosha sahani yako, ukaosha na yangu, ukaenda kulala. Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja. Gari linakuja kesho asubuhi, na mpaka juzi nilikuwa bado nimeshikilia neno langu. Nataka ujue neno lile lilitoka wapi, na nimeamua nini.

Lilitoka Houston, kwenye ile picha.

Najua unaikumbuka, lakini acha nikusimulie nilivyoiona mimi, maana wewe ulikuwa darasa la kwanza na uliiona kwa chini. Tulikuwa bado tunakaa Houston, kwenye yale maghorofa ambayo kila ngazi ilikuwa na harufu ya chakula cha nchi nyingine. Mimi nilikuwa nasafisha vyumba hotelini. Mwalimu wako alikuwa anatafuta wazazi wa kusindikiza darasa kwenye jumba la makumbusho, na baba yako, ambaye Kiingereza alikuwa akinizidi kwa maneno machache tu lakini kwa majivuno mengi, akajibu ndiyo kwa niaba yangu. Nilivaa kitenge changu cha harusi nikidhani ni sherehe. Wazazi wengine walikuja na jinzi na raba. Ulinishika mkono siku nzima hata hivyo, na hilo sijalisahau.

Nilipewa watoto wa kuangalia wasiguse vitu. Tukapita vyumba vya maua, vya mabakuli, vya watu wa zamani wenye kola ngumu. Kisha tukakata kona, na mbele yangu wakasimama askari.

Picha ilikuwa kubwa kuliko ukuta wetu wa sebuleni. Ua wa nyumba ya mkulima, Ulaya, wakati wa baridi, karne ya kumi na tisa. Tope kila mahali. Farasi wanatoa mvuke. Wanaume wenye makoti mazito yaliyolowa mpaka magotini. Magwanda ni magwanda, Keza, hata yakiwa ya karne nyingine na rangi nyingine. Mwili wangu uliyajua kabla yangu. Nikaanza kurudi kinyumenyume, nikamkanyaga mtoto wa watu.

Hapo ndipo nikaona mikuki. Hawa walikuwa askari wa farasi waliopigana kwa mikuki mirefu, na walikuwa wameichomeka ardhini, imesimama kwa mstari karibu na mlango wa nyumba. Nikatulia. Wewe hukulelewa kule kwetu, kwa hiyo nilikueleza siku ile na nakueleza tena. Zamani za babu zangu, mwanamume aliyefika kwa watu kwa amani aliuchomeka mkuki wake nje, uani, akaingia mikono mitupu. Akitaka kwenda zake, mwenye nyumba alimpa kinywaji cha mwisho, na kinywaji hicho mpaka leo tunakiita agashinguracumu, yaani kile cha kung'olea mkuki. Baba yako akimsindikiza mgeni na chupa ya Fanta pale kwenye maegesho anaiita hivyo, na hapa Grand Prairie nzima huwezi kupata mkuki hata wa dawa.

Na mlangoni pa nyumba ile ya kwenye picha alikuwa amesimama mwanamke, ameshika jagi.

Basi nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Hawa ni wageni. Walikuja kwa amani, wamekula, wameota moto, na sasa mama mwenye nyumba anawapa cha kung'olea mikuki. Wanaondoka. Nilikaa kwenye lile benchi la katikati, na machozi yakaja yenyewe. Askari wa kuja nilikuwa nawajua. Wa kuondoka nilikuwa sijawaona hata kwenye picha.

Ukaja ukakaa karibu yangu, ukaniuliza kwa nini nalia. Nikakuambia hawa ni watu, wamechoka, wanarudi kwa mama zao. Ukawaangalia mmoja mmoja kama unawahesabia chakula. Kisha ukanionyesha yule wa kushoto kabisa, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevua buti na anaufunga mguu wake kwa kitambaa kichafu. Ukaniuliza kama mguu wake utapona. Nikasema atamkuta daktari huko mbele. Ukauliza mbona daktari hayumo. Nikakuambia hakuenea kwenye fremu, ukaridhika, na mimi nikajiona mama hodari.

Tulipohamia huku kwa ajili ya kazi ya baba yako ya ghalani, picha ilibaki Houston, na nikawa na hamu nayo kama ya mtu. Kila mwaka tukienda Katy, kule karibu na Houston, kwa mama mdogo wako Goreti, nilikuwa natafuta siku ya kuingia bure tupitie pale. Goreti alidhani nimeingiwa na kitu. Alinionyesha maduka yote, nyumba mpya za jirani zake, bwawa la kuogelea, na mimi nikawa nauliza kesho tunatoka saa ngapi kwenda kwa askari. Hata baba yako alikuja kuipenda, kwa sababu zake. Unakumbuka kamanda? Yuko mbali nyuma kabisa, mdogo kama kidole, ametugeuzia mgongo na kuukabili ukuta wa zizi. Baba yako akasema kamanda anakojoa. Ulicheka mpaka mlinzi akasogea.

Mwaka mmoja tulimkuta yule mama mwenye mvi anayejitolea kuwaeleza wageni, na wewe ukawa mkalimani wangu. Maneno yake mengi bado ninayo. Alisema wakati ule turubai kubwa namna hiyo ilikuwa ya wafalme, watakatifu na majenerali. Vita ilichorwa na bendera, farasi mweupe, upanga juu, na maiti mmoja mzuri aliyelala kama amesinzia. Huyu mchoraji, ambaye jina lake ulimi wangu haujawahi kuliweza, alichukua turubai ya ukubwa wa mfalme akampa mtu aliyekaa juu ya ndoo. Watu wakakasirika. Wakauliza ushindi uko wapi na nani ameshinda. Wakasema rangi imejaa uchafu. Kumbe mwenzao alikuwa ameazima makoti halisi kwa askari wastaafu, akawavisha tena, akawasimamisha kwenye ua wake mwenyewe kwenye mvua, na farasi akawapitisha hapo ili aone nyayo zinavyojaa maji. Alitaka kuchora kilichokuwepo, si kilichosemwa. Baada ya watu kama yeye, alisema yule mama, kila mchoraji aliyechora vita kama harusi ilibidi aulizwe tope limekwenda wapi.

Nilikuambia umwambie hivi: huyo mchoraji alikaa chini akamsikiliza mtu aliyekuwepo, hakuna namna nyingine ya kujua kwamba mtu aliyechoka sana hulala akiwa ameegemea farasi huku mdomo wazi. Nilikuambia umwambie kwamba kule kwetu vita ilisimuliwa redioni na watu wa bendera, na watu wa tope hakuna aliyewauliza. Nilisema mambo marefu, mazuri, mpaka nikajishangaa. Wewe ukamgeukia ukamwambia, "My mom really likes it."

Nimekusamehe. Ulikuwa na njaa.

Sasa tufike pale panapouma. Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, na siku hiyo ulisimama peke yako ukayasoma maelezo ya ukutani mpaka mwisho, jambo ambalo miaka yote hatukulifanya, mimi kwa kutoweza na wewe kwa kuamini yangu. Uliporudi kwenye benchi ulikuwa na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba. Nikakuuliza kuna nini.

"Mama, hawaondoki," ukasema. "Inasema wame-arrive tu sasa hivi. Watalala hapo, watachukua ng'ombe na chakula chote. Hiyo family haitabaki na kitu."

Nikakuambia mtu hachomeki mkuki kwenye nyumba anayokuja kuipora. Ukanijibu taratibu, kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonichoma, kwamba wanaichomeka tu ili isianguke na farasi wasiikanyage. "It's not a Burundi thing, Mama."

Nilipandisha sauti. Nilisema aliyeandika maneno yale hajawahi kuwa na askari uani kwake. Watu walituacha peke yetu kwenye chumba kile kikubwa. Kurudi nyumbani tulishika ile barabara kuu ya 45. Katikati ya safari, kwenye kituo cha mafuta, ulininunulia kahawa nikaikataa, ikakaa kwenye kishikio chake ikapoa mpaka Dallas. Nilikuona ukiiangalia mara kwa mara. Ningekuwa na akili ningeinywa hata ikiwa baridi. Mambo ninayoyajutia katika kukulea ni ya namna hiyo, madogo, ya kikombe kimoja. Makubwa yote nilikuwa nayaona yakija.

Sikurudi tena kwenye ile picha. Nilisema sina muda. Kumbe niliona aibu. Nilikuwa nimesoma ua wa Ulaya kwa macho ya mlimani kwetu, na kosa hilo halinishangazi, ningelifanya tena leo. Kilichonisumbua ni kwamba mwanangu nilimlea juu ya kosa hilo. Nilitaka ukue ukijua kwamba askari huondoka. Nilikuzimia taarifa za habari, nilikubadilishia hadithi za shangazi zako, niliwaambia wageni wasizungumze mambo ya kule mbele yako, na nikakupa ile picha iwe ndiyo yote unayoyajua kuhusu vita.

Ndipo ikaja siku ile mezani. Ulisubiri baba yako amalize kula, adabu hiyo nimekusifu kimoyomoyo. Kisha ukasema, "Nime-sign. Nita-train kuwa medic wa jeshi."

Nilisema nini, unakumbuka kuliko mimi. Nilisema nilikimbia askari nikiwa mtoto, nikavuka mpaka kwa miguu, nikakuzaa kambini Kigoma chini ya turubai la msaada, ili wewe uje uvae nguo zao kwa hiari yako. Baba yako aliniita jina langu, Domitila, na yeye huniita jina langu nikiwa nimevuka mpaka. Wewe hukuinua sauti.

"Wewe ndiye uliyenikalisha kwenye lile benchi, Mama. Ulisema ni watu, wamechoka. I believed you. Na yule wa mguu hakuna mtu anamwangalia. Hata yule mama yako wa jagi hamwangalii."

Miaka yote ile, Keza, nilikuwa sijaliona hilo. Ulikuwa umesema kweli, na kwa kuwa ulisema kweli nikakujibu kwamba sitatoka nje.

Jumamosi hii iliyopita niliwaambia nakwenda Katy kwa Goreti. Nilikwenda kwa askari. Niliendesha mwenyewe njia ya 45 kwa mara ya kwanza, malori yananipita kama nimeegesha, nimeshika usukani mpaka mabega yakafa ganzi. Nilijua mwisho wa juma lijalo hutakuwepo kukaa kulia kwangu na kuniambia lini nihame mstari. Nilikuwa na hamu nawe na wewe ulikuwa nyumbani unapiga pasi.

Nilikaa kwenye benchi. Nikasema leo nitaiangalia kama mtu aliyetumwa kuikagua, nitajua mwenyewe kama wanakuja au wanaondoka. Farasi mmoja kamba ya tandiko lake imelegezwa, nikasema wamefika. Nyuma yake kijana anaikaza ya mwingine, nikasema wanaondoka. Nyayo kwenye tope zinaingia na zinatoka. Moshi wa nyumba ni mdogo, unaweza kuwa wa moto unaoanza au unaozimika. Jagi huoni ndani yake. Yule aliyeandika maelezo ukutani anajua kijiji na mwaka, na sibishani naye tena. Lakini mchoraji mwenyewe hakuchora jibu. Nafikiri alikataa makusudi, na kwangu huo ndio ukubwa wa ile picha, kuliko hata lile tope. Kama angechora ushindi angetupa jibu. Alichora kile ambacho mwanamke aliyesimama mlangoni angeweza kukijua, na mwanamke yule hajui.

Hapo ndipo nikamwangalia yeye vizuri. Miaka yote nilikuwa naangalia mikuki na jagi. Mkono wa kulia ndio wenye jagi. Wa kushoto uko nyuma yake, umeingia kivulini, na ukisogea mpaka mlinzi akohoe unaona vidole vimeushika ukingo wa mlango, vinauvuta. Anaufunga, na anaufunga bila kuonekana anaufunga. Ndani ya nyumba ile kuna mtu. Mchoraji hakumchora.

Mimi namjua.

Askari walikuja uani kwetu mchana. Usiniulize walikuwa wa upande gani, kwa mtoto wa umri wangu walikuwa wa upande wa nje. Mama yangu, bibi yako usiyemjua, alikuwa amepika pombe ya ndizi kwa ajili ya ugeni wa ndugu yake. Alisikia mbwa, akatusukuma ndani, mimi na Goreti, akachukua chombo akasimama mlangoni akawakaribisha kinywaji. Sauti yake ilikuwa ya kila siku. Nilikuwa nyuma ya mlango na nilikuwa naviona vidole vyake upande wa ndani, vimeushika ukingo, kucha zimekuwa nyeupe. Nilimziba Goreti mdomo. Aliniuma na sikuutoa mkono. Wale wanaume walikunywa. Mmoja alikuwa na kikohozi kibaya. Mmoja alisema asante kwa heshima, kama mkwe. Kisha nikasikia buti zinaondoka, na mama yangu akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Hazikupita siku nyingi watu walikuja usiku wakaichoma nyumba, na babu yako hakutoka. Kama walikuwa ni walewale waliokunywa, sijui. Kama walikuwa wengine, sijui. Kambini nilimuuliza mama yangu mara nyingi wale wa mchana walikuwa watu gani. Alijibu neno moja siku zote. "Walikuwa na kiu." Alikufa hajaniongezea, na sasa nafikiri hakuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo ndiyo maana Houston niliona askari wanaoondoka. Nilikuwa nimewahitaji tangu nikiwa nyuma ya ule mlango. Na ndiyo maana sikuweza kukubali kwamba mtoto wangu atakuwa yule wa nje. Siku zote nilikuwa nimejiweka ndani na wewe nimekuziba mdomo nisikuachie. Uliniuma, mwanangu, na ulikuwa na haki.

Sikuombi usiende. Ninatamani usiende, hilo litaandikwa hapa kwa sababu ni kweli, natamani kwa mwili wote, natamani mvua inyeshe gari lipotee njia. Lakini yule aliyekaa juu ya ndoo ni kweli hakuna anayemwangalia, na wewe ulimwona kabla hujajua kusoma. Nenda ukamwangalie. Utakuwa na mikono mizuri. Nimekuona ukimvalisha soksi baba yako siku mgongo ulipomkataza kuinama, hukumfanya ajione mzee, na mimi ambaye siku hizi kazi yangu ni kuwatunza wazee najua kazi hiyo ilivyo ngumu.

Ila siku moja watakusimamisha uani kwa watu. Utakuwa umevaa zile nguo, na moyoni utakuwa Keza wa Grand Prairie mwenye mfuko wa dawa, na hakuna atakayelijua hilo kwa kukutazama. Atatoka mwanamke, atakuwa mpole, labda atawapa kitu cha kunywa. Usifurahi haraka. Angalia mkono wake mwingine. Kama uko nyuma, simama hapohapo ulipo, usisogee hata hatua, na sema kwa sauti ya kufika ndani wewe ni nani, umekuja kufanya nini na utaondoka lini. Kama lugha huijui, mtafute anayeijua. Kisha uondoke ulivyosema. Kuna mtoto atazeeka na siku hiyo, na wewe ndiye utakayeamua atazeeka nayo vipi. Mimi wangu hawakuniambia.

Nasikia gari la baba yako linaegeshwa. Mnacheka, nadhani kwaya wamekupa chakula cha kumlisha mtu mwezi mzima. Naikunja barua hii naitia katikati ya soksi zako, ambapo najua utaikuta huko ukiwa peke yako na hutaweza kunijibu kwa Kiingereza.

Kesho gari likija nitatoka, na ukisoma haya utakuwa umeshaniona. Nitakuwa na kitenge cha jikoni, sitajipamba, na ukiona nimekaza uso usidhani ni hasira, nitakuwa nazuia kingine. Nitamuuliza huyo kijana wa jeshi jina lake na mama yake anakaa wapi, utaona haya, vumilia. Nitasimama pale mbele ya nyumba mpaka mkate kona, na baada ya kona nitaendelea kusimama. Mlango nitauacha wazi nyuma yangu. Mikono yangu utaiona yote miwili.

Mama yako,
Domitila